Gitaa Lililoitwa la Baba

Mtu anayesikia maziwa yakifurika jikoni kwa jirani, anawezaje kukaa chini ya dirisha, mwaka baada ya mwaka, akimsifu mwanawe kwa gitaa linalopigwa na mke wa mwanawe? Swali hilo nililibeba utotoni kote. Nilimuuliza Mama, akanituma maji. Nilimuuliza Baba, akacheka, akaenda kuoga. Bibi mwenyewe sikuthubutu kumuuliza, kwa sababu maswali kwa Bibi yalijibiwa na kazi, na kazi zake zilikuwa ndefu kuliko maswali yangu.

Najua sijafikisha umri wa kusema "enzi zetu". Sisi tuliokulia Kirumba, kando ya ziwa, miaka ile bado tunaitwa vijana kwenye misiba, hasa viti vinapotakiwa kubebwa. Tena mimi ni mtu wa kushuku kumbukumbu tamu. Chuo kikuu kilinizoesha kudai ushahidi, na ushahidi unasema kwamba enzi zile maji ya bomba yalitoka yakijisikia, na viboko vya shule vilitoka hata visipojisikia. Lakini nikifumba macho naona mawe, na mawe siwezi kuyabishia.

Nyumba yetu ilikaa katikati ya majabali mawili. Lile la nyuma lilikuwa kianikio cha ukoo: Mama alianika nguo, Bibi akaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, na sisi watoto tulijianika wenyewe tukitoka kuogelea ziwani tulikokatazwa. Jua likipoa tuliteleza juu yake tukikalia madumu yaliyopasuliwa, mpaka sketi za shule zikaota matundu ambayo hakuna aliyeweza kuyaeleza nyumbani. Upepo ukigeukia kwetu kutoka soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa iliingia bila hodi, ikakaa sebuleni na wageni. Kuna majira vijidudu vya ziwani vilipanda angani kama moshi wa tanuri, na Bibi alipiga kelele tufunge madirisha kabla uji haujapata kitoweo. Tulicheza rede, tulicheza mdako, tuligombana, tukasahau tuligombania nini.

Na tulikuwa na magitaa. Kila mtoto wa mtaa wetu alilitengeneza la kwake: kopo la mafuta ya kula, kipande cha ubao, na mshipi wa kuvulia uliookotwa Mwaloni. Hakukuwa na mawili yaliyokubaliana sauti. Siku moja Mama alipita nikiwa nalo mlangoni, akasimama, akalichukua. Alikaza mshipi mmoja, akalegeza mwingine, akaweka vidole, akagusa. Lile kopo likaimba. Halikulia, liliimba. Mama akatazama upande wa jikoni alikokuwa Bibi, akanirudishia upesi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mengine niliyaokota kidogo kidogo kwenye mazungumzo ya wakubwa, maana mtoto wa kike anayemenya vitunguu huhesabiwa kuwa kiziwi. Mama alizaliwa Ukerewe, na usichana wake wote alipiga gitaa kwenye kwaya ya vijana ya kanisani kwao. Alipoolewa alivuka na gitaa lake kwenye kivuko, limelala juu ya magodoro. Ndugu zake walipolishusha mlangoni kwetu, Bibi, mama mzaa Baba, alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema, "Binti nimempokea kwa mikono miwili. Hilo hapana." Kesho yake gitaa likarudi kisiwani na wale waliolileta.

Bibi hakuwa mtu katili. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na jina la babu yangu. Kule Usukumani alikoolewa, mavuno yakiisha vikundi vya ngoma hushindana, na kila manju, kiongozi wa ngoma, ana wafuasi wake. Babu alimfuata manju mmoja wakati Baba angali mgongoni. Inasemekana kikundi chao kilishinda, na Babu alikuwa miongoni mwa waliombeba manju juujuu. Hakurudi kushika jembe. Bibi alimlea mwanawe peke yake, na tangu hapo kwake chombo cha muziki kilikuwa mlango wa nyuma: ukikiacha wazi, mtu anatokea hapo.

Mama hakulalamika hata siku moja. Lakini vidole vyake havikuwa vimesikia lile katazo. Akichagua mchele, vidole vya mkono wa kushoto vilitembea juu ya ukingo wa ungo, vikipanda, vikishuka, vikitulia, kama vinatafuta mahali. Niliviona. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeviona.

Sasa jioni moja tulikuwa tunakula ugali kwa furu, na Baba akasema, bila kuinua macho, "Mama, nataka kununua gitaa."

Baba alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Alinukia petroli hata Jumapili, na hakuwahi kupiga mluzi ukatambulika ni wimbo gani.

Bibi alikuwa anachambua miiba. "La nani?"

"Langu."

"Wewe." Bibi aliweka mwiba pembeni. "Wewe ulitolewa kwenye bendi ya shule kwa kupiga ngoma vibaya. Mwalimu alikuja mpaka kwangu kunipa pole."

"Ndiyo maana nataka nijifunze."

Bibi alikula matonge mawili matatu. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata mtaa wa pili ungeisikia, "Basi liwe lako. Lisije likageuka la mtu mwingine humu ndani. Nilishasema na sirudii." Akanawa. "Na uende na mkeo. Ukienda peke yako utarudi umeuziwa kabati."

Mama alikuwa ameacha kutafuna.

Jumamosi tulishuka mjini watatu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi kunichukua kuliko kunijibu. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, jambo ambalo mke anayemsindikiza mumewe dukani hana haja nalo. Duka lenyewe lilikuwa la Mzee Faraji, ambaye babu yake na baba yake walifanya biashara hapo hapo. Aliuza redio, betri, mipira, filimbi za marefa, na magitaa aliyoyaning'iniza darini kwa shingo, kama sato kwenye waya. Tulimwamkia, akatuitikia, akatukaribisha kwenye benchi. Baba alikuwa ndiyo kwanza amenyoosha mkono kuelekea gitaa la kwanza, mlangoni akaingia Mama Kulwa.

Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuja kununua betri za redio, ingawa redio yenyewe hakuihitaji sana: habari alizitangaza mwenyewe. Alichokiona asubuhi, Bibi alikipata kabla ya chakula cha mchana. Nilimwona Mama akiivuta mikono yake, akaificha chini ya kitenge.

"Jamani, Baba Kabula," akasema Mama Kulwa, akikaa vizuri kama aliyelipia kiti, "unanunua gitaa?"

"Najaribu, shemeji."

Baba alilishika lile gitaa kama mwanamume aliyepewa mtoto mchanga wa wakweze. Akalipiga. Mlio uliotoka ulikuwa wa sinia lililoanguka kwenye sakafu ya saruji.

"Umeligombeza?" akauliza Mama Kulwa.

"Linanizoea," Baba akajibu.

Mama akasema kwa upole kwamba yeye anaomba kuangalia mbao tu, zisije zikawa zimeliwa na wadudu. Akalipokea, akaligeuza mgongo, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Wanawake wa kwao huchagua chungu hivyo hivyo: chungu kizima hujibu mara moja, chenye ufa huchelewa. Alifumba jicho moja akatazama kandokando ya shingo kuona kama imepinda. Alinusa ndani ya tundu. Kisha akakohoa, na Baba akasema, "Hili hapana, mzee, nipe lile." La pili likapita njia hiyo hiyo: mlio wa sinia, kifundo cha kidole, jicho moja, kikohozi.

"Mama Kabula, una kifua?" akauliza Mama Kulwa.

"Vumbi, dada."

La tatu lilikuwa la rangi ya asali iliyokomaa. Mama aliligonga. Hakukohoa. Akaligonga tena, karibu zaidi na sikio, na nikaona midomo yake ikibana. Lakini gitaa si chungu. Kuligonga kunakuambia kwamba ni zima, hakukuambii kwamba linaimba. Ilibidi liwekwe vidole, na vidole vilivyoruhusiwa mbele ya Mama Kulwa vilikuwa vya Baba. Baba alijaribu, jasho likimtoka. Kwake magitaa yote yalikuwa sinia moja. Alimtazama Mama, Mama akatazama sakafu. Hata mimi, na udogo wangu, nilielewa kwamba tunaweza kurudi nyumbani na gitaa bubu, au tukarudi mikono mitupu na nafasi hiyo isije tena.

Mzee Faraji muda wote alikuwa hamtazami Baba. Alikuwa anatazama kitenge cha Mama, pale vidole vilipokuwa vikitembea kwa chini. Akalichukua gitaa, akakaa kwenye benchi, akalilaza pajani, shingo ikamwelekea Mama.

"Nyuzi zimelegea hizi," akasema. "Mama, hebu nisaidie kushika hapo shingoni nizikaze. Siku hizi macho na mikono yangu haviendi pamoja."

Mama akatoa mkono wa kushoto. Mzee akakaza, akagusa, akakaza, akagusa. "Shika hapo. Haya. Sasa sogea kidogo." Mama akasogea, na vidole vyake vikakaa penyewe, kama watu wanaorudi kwenye viti vyao. Mzee akapitisha dole gumba juu ya nyuzi, taratibu, akitazama nje barabarani kama mtu anayengoja mteja. Mama akabadilisha vidole. Mzee akapiga tena. Mama akabadilisha. Ukatoka wimbo wa kwaya, wa kwao kisiwani, ambao sikuwahi kuusikia na ambao leo naweza kuupiga nikiwa usingizini. Watu wawili, gitaa moja, na hakuna aliyekuwa analipiga. Mmoja alikuwa anakaza nyuzi, mwingine alikuwa anamshikia.

Baba aligeukia rafu ya redio, akazitazama kwa makini sana, moja baada ya nyingine.

"Mzee Faraji," akasema Mama Kulwa, betri zake mkononi, "kumbe unajua kupiga namna hii na unauza filimbi?"

"Kidogo, mama yangu. Inategemea nani kashika."

"Tunalichukua hili," Baba akaziambia redio.

Bei alitupatania Mama Kulwa, na nasema kwa haki kwamba sijaona wakili aliyemzidi. "Mzee, huyu shemeji yangu umemsikia mwenyewe. Hajui. Utamtozaje bei ya mtu anayejua?" Mzee Faraji alipunguza, akaongeza nyuzi za akiba na mfuko wa kubebea, akaomba Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baba alilibeba begani tangu mjini hadi Kirumba, na watoto wa magitaa ya makopo walitufuata nyuma kama tunapeleka mahari. Bibi alikuwa mlangoni. Alilipapasa tumbo kwa kiganja, akasema lina nafasi kubwa ya kuwekea uvivu, na kwamba litalala chumbani kwa mwenyewe.

Ndipo ilipoanza desturi ya Jumapili. Tukishakula mchana, Baba aliingia chumbani "kujifunza", na Mama aliingia nyuma yake "kukunja nguo". Mlango ulifungwa. Bibi alichukua kigoda chake, kisu na karai la viazi vitamu, akakaa chini ya dirisha la chumba hicho, ingawa kivuli kizuri kilikuwa upande wa pili wa nyumba. Wimbo ulitoka. Mimi nilikaa naye kukata michembe. Majirani wakipita, Bibi aliwaambia, "Mwanangu huyo. Ameanza kujua." Nguo zetu, kwa kweli, hazikuwahi kukunjwa vizuri.

Jumapili moja Baba alikuwa ng'ambo, Sengerema, kwenye injini ya mtu. Gitaa likalia hata hivyo, na lililia vizuri kuliko siku zote. Bibi akatikisa kichwa polepole. "Leo baba yako anapiga vizuri," akasema.

Mimi nilikuwa mtoto wa kupenda ukweli, ugonjwa ambao haujaniacha. "Bibi, Baba yuko Sengerema."

Kisu hakikusimama. "Ndiyo maana hakosei," akasema Bibi. "Kata vipande vyembamba, ng'wana wane, vinene vinaoza."

Nilikaa na jibu hilo miaka. Kama alijua, kwa nini hakukasirika? Kama hakukasirika, kwa nini hakuufungua ule mlango na kumwambia Mama atoke, akae kivulini, apige kama watu wanavyopiga? Na kama hakujua, basi masikio yale yalikuwa ya nini? Nilipofika chuoni nikajifunza maneno makubwa ya kueleza nyumba kama yetu, maneno ya mamlaka na ukandamizaji. Niliyatumia yote juu ya Bibi katika kazi moja niliyoiandika, na mwalimu akanipa alama nzuri. Bibi alikuwa angali hai, akinitumia michembe hosteli.

Gitaa lile lilichakaa kwa heshima. Mama alinifundishia hilo hilo, mlango ukiwa umefungwa, na mimi nikaongezwa kwenye orodha ya wakunja nguo. Bibi aliendelea kumsifu Baba mpaka magitaa mawili yalipoanza kusikika kwa wakati mmoja, la Mama na langu la kuazima, na akasema mwanawe sasa amekuwa fundi wa ajabu.

Leo Kirumba nikipita sioni magitaa ya makopo. Watoto wana simu, na kwenye simu kuna gitaa la kugusa kwa kidole ambalo halikati ngozi wala halihitaji mshipi wa mtu. Wadogo zetu wanajifunza nyimbo kwa video, wimbo haujakaa mkononi tayari umeshatumwa kwa dunia nzima. Siwacheki sana, maana mimi mwenyewe, na elimu yangu yote, gitaa langu jipya nililiagiza kwa simu kutoka Dar. Sikuligonga, sikulinusa, sikufumba jicho. Nilisoma maoni ya watu nisiowajua, wengi wao nadhani ni ndugu wa muuzaji. Na siku hizi tunaambiana kila kitu. Mtu akimkosea mwenzake asubuhi, mchana ameshaomba msamaha kwenye kundi la ukoo, na picha ya maua juu yake, na watu arobaini wameitikia. Mimi ndiye niliyepigania tuwe hivyo. Nilichoka na nyumba ya milango iliyofungwa na vikohozi. Lakini zile Jumapili zilikuwa na kitu ambacho kwenye maua yale sikioni, na kwa muda mrefu sikujua nikiite nini.

Bibi tulishamzika. Wazazi wangu walihamia Buswelu, kwenye kiwanja kisicho na majabali, na Baba analalamika hana pa kuanika chochote. Mwaka jana niliwapelekea lile gitaa jipya, ili Mama alijaribu. Tulikaa barazani, mlango wazi, watu wakipita. Mama alipiga, na mimi, kwa tabia yangu, nikamuuliza Baba kile nilichokuwa sijawahi kukiuliza sawasawa: alipata wapi ujasiri wa kumdanganya Bibi.

"Sikumdanganya," akasema Baba. "Yeye ndiye aliyenituma."

Mama alikuwa bado anapiga. Akaacha.

Baba akaeleza, kwa shida, kama mtu anayefungua nati iliyoshika kutu. Bibi alimfuata kazini, kule ufukweni kwenye injini, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga kwa sababu ya harufu. Alikuja kwa miguu. Alimkuta yuko chini ya mtumbwi uliogeuzwa, akamwongelesha hivyo hivyo, bila kumwambia atoke. Alimwambia kwamba amechoka kutazama vidole vya mkwewe kwenye ungo. Akamwambia akanunue gitaa, aseme ni lake, na kwamba yeye atakataa kidogo mezani ili watu wasikie, halafu atakubali, na aende na mkewe akachague mwenyewe.

"Nikamuuliza, Mama, kwa nini usimwambie tu?" Baba alisema. "Akasema, nilimkataza mbele ya wazee wa pande mbili, siwezi kwenda kumwomba radhi jikoni kama niliyevunja sahani."

Mama alikuwa ameulaza mkono juu ya nyuzi, zisitoe sauti. Aliuliza kwa nini basi yeye hakuambiwa, hata baadaye, hata Bibi alipokuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha.

"Alinikataza," Baba akasema. "Alisema ukijua, itabidi umshukuru."